Boksi la gia, kapi na rababendi kwa watoto: nyota 4, ya 5 imekatwa na neno moja kwenye kitabu

Nimekaa na hili boksi wiki sita sasa, nilitaka kuandika mapema nikajizuia kwa sababu midoli ya aina hii siku ya kwanza yote ni mizuri, shughuli inakuja wiki ya tatu hivi mtoto akishazoea, hapo ndo unajua kama ulinunua kitu cha maana au ulinunua boksi lenye picha nzuri. Wanaolitumia nyumbani ni wawili, binti yangu wa miaka 9 na mdogo wake wa 6, na mimi mwenyewe nimekaa nao sakafuni karibu kila jioni kwa hiyo ninachoandika hapa nimekishika kwa mikono.

Ndani unakuta gia za plastiki za saizi tatu, za meno 10, 20 na 40, ekseli za chuma, magurudumu manne, kapi mbili (vigurudumu vya kupitishia kamba) na kamba yake, vibao vyenye matundu, mfereji wa kuteremshia gololi, gololi sita, rababendi tatu tu (nitarudi kwa hili), mota ndogo na kitaa chekundu, na kitabu cha maelekezo chenye picha. Boksi limeandikwa miaka 6 kwenda juu. Kwa wangu wa 6 naweza kusema anacheza vizuri ila hawezi kuunganisha mwenyewe, matundu yamebana sana, ekseli inataka nguvu ya mtu mzima kuingia, wa 9 anaunganisha peke yake akiwa na picha mbele yake.

Sasa nilichonunulia. Mi nilitaka watoto waone kitu gani hasa kinafanya mtambo usogee, maana ukimuuliza mtoto gari linaendeshwa na nini atakwambia magurudumu, ukimbana kidogo atakwambia gia, na wapo watu wazima wanaojibu hivyohivyo. Gurudumu halijiendeshi jamani. Gia nayo haijiendeshi, gia ni kama wapokezanaji wa ndoo, mmoja anampa mwenzake, lakini maji kuna mtu kayachota mahali. Nishati ndo hayo maji. Mtambo wowote unaouona unazunguka, unapanda, unashuka au unaruka, kuna mahali nishati imeingilia na kuna mahali inatokea, na mtoto akishajua kuuliza hayo maswali mawili, imetoka wapi na imeenda wapi, basi hata ukimpa mtambo asiowahi kuuona ana pa kuanzia. Kwenye hili boksi, karibu kila kitu unachounda kinamruhusu aulize. Ndo maana nimelipa nyota nne.

Tuanze na gari la rababendi maana ndo lilowashika kuliko vyote. Upande mmoja wa rababendi unaufunga kwenye ndoano ya mbele, upande wa pili unaunasa kwenye kijiti kilichochomoza kwenye ekseli ya nyuma, halafu unazungusha magurudumu ya nyuma kinyumenyume, mpira unajiviringisha kwenye ekseli huku unavutika. Ukiachia linaondoka. Watoto wote wawili walichotaka ni kuachia tu, achia, achia, mpaka nikawaambia subirini kwanza, kabla hamjaachia guseni huo mpira. Gari limetulia kabisa, halisogei hata kidogo, lakini mpira ukiugusa kwa kidole umekaza kama waya wa gitaa na ukiukwanyua unalia. Mdogo akasema mama limekasirika. Nikamwambia hapana baba, limewekewa akiba, na aliyeiweka ni wewe, mkono wako ulipokuwa unazungusha na kuchoka ile nguvu haikupotea, imeingia kwenye mpira inangoja. Akaangalia mkono wake, akaangalia gari, akazungusha tena taratibu kabisa safari hii akiwa anausikiliza mkono. Kwangu boksi lilijilipa pale pale.

Kitabu kinaiita hiyo nishati tuli, na ikishatoka kwenda kwenye gari linalokimbia kinaiita nishati mwendo. Hilo la pili halina shida. Hilo la kwanza ni sahihi shuleni lakini kwa mtoto mdogo tuli anasikia kama imelala, haifanyi kitu, wakati mpira ule uko tayari kukurukia usoni. Sisi nyumbani tunasema nishati ya akiba na wameielewa siku ileile, manati iliyovutwa ni akiba, springi iliyobanwa ni akiba, gololi iliyopandishwa juu ya kabati nayo ni akiba.

Binti akataka kujua akizungusha mara mbili zaidi gari litaenda mbali mara mbili? Swali zuri sana na kitabu hakilijibu, hakina hata jaribio moja la kupima na hilo naliona ni pengo kubwa. Tukapima kwa vigae vya sakafuni. Kuzungusha mara 5 gari likafika kigae cha 4 na kidogo, kuzungusha mara 10 likapita kigae cha 12. Akarudia mara tatu akidhani kakosea kuhesabu. Sababu yake iko mkononi kwake mwenyewe, ile mizunguko mitano ya kwanza ni laini, mitano ya pili unavuta mpira ambao tayari umekaza kwa hiyo kila mzunguko unatia zaidi kuliko uliotangulia. Kwa springi nzuri ukiivuta urefu mara mbili akiba inakuwa mara nne, rababendi haifuati hesabu hiyo sawasawa lakini mwelekeo ni huohuo. Hakuna maneno niliyotumia kumweleza zaidi ya kumwambia zungusha tena ukiwa umefumba macho, uniambie wapi panaanza kuwa pagumu.

Shida tuliyoipata na hilo gari ni kwamba kwenye sakafu laini magurudumu ya nyuma yanajizungukia tu palepale, vrrrr, gari halitoki, akiba yote inaishia kwenye kuteleza. Magurudumu ni plastiki kavu haina mpira wa kushika chini. Tuliviringisha rababendi nyingine za kufungia pesa kwenye magurudumu ya nyuma na mara moja likaanza kushika. Nimeieleza kama kasoro lakini imegeuka kuwa somo bora kuliko mengi yaliyomo kitabuni, kwa sababu kitabu kinausema msuguano kama adui tu. Msuguano kwenye ekseli ni adui kweli, unakula nishati yako, pale unatia tone la mafuta ya cherehani na gari linaenda mbali zaidi, sisi tuliongeza karibu vigae viwili. Lakini msuguano kati ya gurudumu na sakafu unauhitaji, bila huo gari haliendi popote. Mwanangu wa 6 sasa anajua wapi pa kutia mafuta na wapi pa kutotia, kuna siku alimkataza dada yake asipake mafuta kwenye tairi na alikuwa sahihi.

Mfereji wa gololi sina mengi, ni mzuri, unaachia gololi juu inashuka inagonga kibao chini kinasogea. Jambo moja tu nawashauri mlifanye, pandisheni mwanzo wa mfereji uwe juu mara mbili mwone kibao kinasogea karibu mara mbili, hapo mtoto anaona urefu wa kupanda ndo akiba yenyewe. Kwa saizi: kupandisha kitu cha gramu 100 kwenda juu mita 1 ni karibu juli 1 ya nishati. Binti alilipenda sana hilo neno juli, kwa siku mbili alikuwa anapandisha kila kitu mezani anahesabu juli.

Winchi. Hapa ndo gia zinapata kazi na hapa ndo nilipoona boksi limefikiriwa na mtu anayejua anachofanya. Hendeli iko kwenye gia ya meno 10, inasukuma ya meno 40, na ya meno 40 ndo imeshika rola la kamba. Ukizungusha hendeli mara nne, rola linazunguka mara moja. Mzigo wetu ulikuwa kikombe cha plastiki kimejaa gololi zote sita na mawe ya uani. Ukiweka hendeli moja kwa moja kwenye rola bila gia, mdogo anasukuma kwa mikono miwili na bado inamrudisha. Ukiweka gia anapandisha kwa kidole kimoja. Alishangaa, akauliza gia zina betri ndani? Hazina. Nikamwambia hesabu umezungusha mara ngapi, akahesabu, ilikuwa mara nyingi sana kuliko mwanzo, yaani mzigo umekuwa mwepesi lakini safari imekuwa ndefu. Ukizidisha nguvu unayotia kwa urefu wa safari unapata kilekile, tena unatia kidogo zaidi kwa sababu gia nazo zinasuguana. Kapi mbili ni hivyohivyo, ukifunga kamba ipite kwenye kapi inayopanda na mzigo, unavuta kwa karibu nusu ya nguvu lakini ili mzigo upande mita 1 unavuta kamba mita 2. Sisi tulipima kamba kwa rula na binti akaandika mwenyewe. Nawaomba kabisa wazazi msiruke hapa, watoto wengi wanaanza kuamini gia na kapi zinatengeneza nguvu kutoka hewani, na hiyo imani wakikua nayo inawasumbua. Gia inakubadilishia tu, kama mtu anayekuvunjia noti akakupa sarafu.

Kuna kimtambo kingine cha gurudumu lenye tumbo upande mmoja, ukizungusha linainua kijiti kinapanda na kushuka, juu yake kuna ndege wa karatasi anapiga mabawa. Kizuri, ni njia rahisi ya kuonyesha mzunguko unavyogeuka kuwa kupanda na kushuka. Ila hicho kijiti kinakwama kila baada ya dakika chache, kichongeni kidogo kwa msasa.

Kisha bembea, yaani kipande cha kamba chenye mpira mzito unaoning'inia. Fanyeni hili, lakini mfanye kwa uangalifu: mtoto asimame, ashike mpira puani kwake, auachie tu BILA kuusukuma, na asisogee. Mpira unaenda unarudi, unamkaribia uso, na unasimama kabla ya kumgusa. Unarudi karibu na pua lakini haupiti pale ulipoanzia, kwa sababu haujapewa nishati zaidi ya ile ya kuinuliwa pale. Wangu mkubwa alifumba macho akakunja uso mara ya kwanza, mara ya tano alikuwa amesimama kama mlinzi. Akisukuma hata kidogo ameuongezea na utampiga, kwa hiyo mzazi uwe karibu. Na ukitazama kila safari unarudi mfupi kidogo, mfupi kidogo, mpaka unatulia.

Na hapo ndo tukafika kwenye kosa. Ukurasa uleule wa bembea kitabu kimeandika hivi, baada ya muda nishati inaisha na mpira unasimama. Kwenye gari kimerudia, nishati inaisha na gari linasimama. Kwenye winchi hivyohivyo. Neno inaisha limetapakaa kitabu kizima. Mi siyo mwalimu wa fizikia lakini hili neno linabomoa kila kitu boksi lilichojenga. Nishati haiishi. Inahama. Umekaa na mtoto wiki nzima unamfundisha aulize imeenda wapi halafu kitabu kinamjibu haijaenda popote, imeisha. Binti mwenyewe ndo aliyeliona, alisoma kwa sauti akasimama, akasema mama, inaisha inaenda wapi?

Inaenda kwenye joto na kwenye sauti na kwenye kusukuma hewa. Wenye kitabu nadhani waliogopa kuandika hivyo kwa sababu mtoto atagusa ekseli na ataikuta baridi, atasema mbona hamna joto. Ni kweli ataikuta baridi, na hilo lina sababu ambayo ingeweza kuandikwa kwa mistari miwili. Joto dogo linahitaji nishati nyingi mno. Kuna Mwingereza anaitwa James Joule, aliyezaliwa 1818, ndo hiyo juli imepewa jina lake, miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba vikawa vinashuka na kuzungusha makafi ndani ya chombo cha maji, akapima kwa kipimajoto cha kuona tofauti ndogo kabisa, maji yakapata moto kidogo. Kwa vipimo vya leo, kilo 1 ya maji ili ipande nyuzi joto 1 tu inataka nishati sawa na ya kilo 1 inayoanguka kutoka karibu mita 427. Sasa kigari cha gramu mia mbili kitapasha nini cha kuhisi kwa kidole? Joto lipo ila ni dogo mno kwa ngozi yako.

Ila kuna njia za kulihisi nasi tulizifanya badala ya kitabu. Sugua viganja kwa nguvu, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili chukua waya laini ukunje na kukunjua palepale haraka mara kama ishirini halafu uguse palipokunjika, unakuta pamepata moto kweli, mwangalie asiguse na ulimi. Ya tatu ndo naipenda zaidi, chukua rababendi pana, iguse kwenye mdomo wa juu, ivute kwa haraka na uiguse tena ikiwa imevutwa, unaisikia imepata joto. Iache ivutike hivyo kidogo ipoe, halafu iachie irudi haraka bila kuifyatua na uguse, inakuwa ya baridi. Mdogo alifanya hiyo mpaka midomo ikawa mekundu.

Mota. Kitabu kimeiweka mota stepu ya tatu na nawashauri muifiche mpaka mwisho. Mtoto akishabonyeza swichi kitu kikazunguka hatafikiria tena, nishati inakuwa kwenye betri humo ndani haionekani, haina uzito mkononi. Sisi tuliificha wiki nne na nafurahi tulifanya hivyo. Halafu tukaitumia kinyume, na hili kitabu hakijalitaja kabisa: badala ya betri kuzungusha mota, mkono uzungushe mota. Funga jozi mbili za gia mfululizo, kila jozi ya meno 40 inasukuma ya meno 10, hendeli ikizunguka mara moja mota inazunguka mara 16, nyaya zake ziunge kwenye kile kitaa chekundu, zungusha haraka. Kama hakiwaki geuza nyaya au zungusha upande mwingine. Kikawaka. Siyo sana, kinamulika kama kaa la moto, tulizima taa za chumbani kuona vizuri.

Kisha toa kitaa na ugusanishe zile nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe huku unazungusha. Hendeli inakuwa nzito ghafla. Achanisha, inakuwa nyepesi. Mdogo alifanya hivyo hata sijui mara ngapi, gusa nzito, achia nyepesi, gusa nzito, akageuka akasema mama, mtu ananivuta. Nikamuuliza nani, akafikiri, akasema waya unataka nguvu zangu. Sikumrekebisha.

Kuhusu ubora wa vitu vyenyewe, gia moja ya meno 40 ilikuja imepinda kidogo inayumba ikizunguka, niliandikia waliouza wakaniletea nyingine bila maneno. Rababendi tatu ni uchoyo, moja ilikatika siku ya pili, nunueni pakiti yenu mapema. Mbao ni nzuri, hazijapasuka. Gololi ni ndogo, kama kuna mtoto chini ya miaka mitatu nyumbani ziwekeni mbali kabisa. Picha za kitabu ziko wazi, maelezo ndo hayo niliyosema.

Kwa mtoto wa miaka 8 mpaka 11 nalipendekeza bila wasiwasi, kwa wa 6 na 7 nunua kama una muda wa kukaa naye, vinginevyo litaishia chini ya kitanda.

Kitabu chetu kwa sasa kiko na mistari ya kalamu. Binti amepitia kurasa zote, kila palipoandikwa inaisha amekata na juu yake ameandika inahama, na ukurasa wa bembea ameongeza kwa mwandiko wake, imeenda kwenye hewa na kwenye kamba. Ukurasa wa gari la rababendi amechora mshale kutoka kwenye tairi mpaka pembeni kabisa ya karatasi, na mwisho wa mshale ameandika sakafu.